Msimu Tulioruka Bila Kuimba

Kiwanja chetu si kikubwa. Mtu mwenye haraka anakivuka kabla hajamaliza kukaza kitenge kiunoni. Upande mmoja kuna madarasa ya chuo. Upande wa pili kuna nyumba za zamani za kambi ya wafanyakazi wa mgodi na wa reli, zile za matofali mekundu, ambazo kila mpangaji mpya anapaka mlango rangi anayoipenda. Katikati ni udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, wakati chuo hakijajengwa, niliruka nzango hapo kila jioni mpaka mama alipotoka mlangoni na kuniita kwa jina langu lote, refu. Nikisema kiwanja ni chetu, sina hati. Nina nyayo.

Sikukaa, lakini. Nilimaliza sekondari, nikaona madawati yananichosha, nikaondoka. Nimeishi Likasi na Kolwezi. Nimeuza vitenge na samaki wakavu Sakania, pale treni zinaposimama zikingoja kuvuka kwenda Zambia, na kila zilipopiga honi nilitamani kwenda nazo. Tangu hapo sijawahi kuona mvua zikianza na zikiisha nikiwa chini ya bati lilelile. Nikifika mji mpya naukumbuka niliouacha, nikirudi niliouacha naukuta haupo tena. Ndivyo nilivyo, na nina miaka zaidi ya arobaini, hakuna atakayenibadilisha.

Lubumbashi nilirudi kupita tu. Asubuhi moja nilikuwa nakatiza kiwanjani na mfuko begani nikawakuta wasichana wa chuo wakiruka nzango, tena vibaya.

Asiyeujua mchezo huu atadhani ni ngoma. Timu mbili zinatazamana. Msichana mmoja anatoka huku, mmoja anatoka kule. Wenzao nyuma wanaimba na kupiga makofi, wao wanaruka, na wimbo ukifika mahali pake kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Miguu ikielekeana, pointi ni ya timu moja. Ikipishana, ni ya timu nyingine. Hukumu hiyo inapangwa kabla ya kuanza. Basi kazi yako ni kujua mwenzako atatupa mguu gani, na kumficha wako. Bega linasema uongo, nyonga inasema kweli. Wimbo ndio unaowapa wote wawili saa ileile ya kutupa mguu.

Niliweka mfuko chini.

"Ninyi bana, munapiga makofi kama bantu banafukuza kuku!"

Walicheka. Mmoja mrefu, mwenye sauti nene kuliko mwili wake, akasogea mbele. "Mama, weye unajua?"

"Toka mu mstari, utaona kama najua."

Nilimshinda, nikamshinda tena, halafu akanishinda yeye. Akapiga kelele za furaha mpaka nyanya yake akatoka kwenye nyumba ya kambi yenye mlango wa bluu kuona ameumia wapi. Kambo, kama tunavyowaita nyanya na babu huku kwetu. Kambo huyo ndiye aliyemlea, na kila jioni tulipofanya mazoezi alileta kiti chake kifupi ukutani akatutazama huku akichambua mboga za lengalenga. Sikupanda gari la Sakania wiki hiyo, wala iliyofuata; nilibaki kuwafundisha.

Huyo mrefu ndiye alikuwa kapteni wetu. Wengine waliruka vizuri kuliko yeye, hilo alilijua. Silaha yake ilikuwa mdomo. Alitunga nyimbo papo hapo, za kuwachokoza wapinzani: soksi zao, mapozi yao, bukari yao, yaani ugali, iliyoungua chini. Wapinzani walicheka, na mtu anayecheka nyonga yake inafunguka, unaiona yote. Tuliruka juu ya sauti ile kama watu wanaotembea juu ya daraja.

Mkurugenzi wa chuo alitufuata mwanzoni mwa msimu. Alikuwa mtu nadhifu, anaishi Golf, mtaa wa matajiri, shati lake halijui vumbi. Alikuja kiwanjani mwenyewe, akasimama pembeni pasipo na vumbi.

"Mama," aliniambia, "hii ni mchezo ya batoto ya shule ya msingi. Hapa ni chuo. Walimu beko na magari, na magari hayana mahali."

"Magari yanalala nyumbani kwao, Mesye Direktere."

"Sikiliza. Mukileta kombe ya mashindano ya vyuo, kiwanja itabaki. Musipoleta, tunafanya parkingi. Ni sawa?"

"Na timu ya mpira ya wanaume? Ile haijaleta hata kikombe ya chai."

"Ile ni mpira," akasema, kama mtu aliyekwisha kujibu.

Wasichana walikuwa wamesimama nyuma yangu. Kapteni akaanza kupiga makofi polepole, na kabla mkurugenzi hajafika mlangoni wimbo ulikuwa umezaliwa, wa baba mwenye magari mengi na miguu miwili tu. Sikumnyamazisha.

Msimu ule tulizunguka, na mimi nilifurahi kupita tena katika miji yangu ya zamani nikiwa na basi zima la watoto wa watu wanaolala midomo wazi. Likasi tulishinda. Kolwezi kulikuwa na umati wa wanaume waliokuja kucheka. Mmoja alisimama karibu kabisa na mstari, chupa mkononi.

"Bamama, mpira iko wapi? Munachezea hewa?"

"Baba," kapteni akamjibu bila kugeuka, akiwa hewani tayari, "mpira tumekuachia weye. Ni ile iko mbele yako, chini ya shati."

Umati ulimgeukia yule mwenye kitambi, ukamcheka yeye. Tulishinda Kolwezi pia. Tulipoteza mechi moja, kwa uvivu, nikawanyima maneno njia nzima ya kurudi. Mwishoni tulibaki sisi na wasichana wa Kipushi, na fainali ikaangukia kwetu, kwenye kiwanja kilekile. Nikafikiri: vizuri. Aje mkurugenzi na kiti chake, aone kwa macho yake kitu anachotaka kukipandishia magari.

Wiki ya fainali, kambo alikufa. Alianguka jikoni asubuhi, akapelekwa hospitali, na mchana habari zikarudi peke yake.

Kwetu kilio, yaani matanga, hakijifichi ndani. Jioni ile ile turubai lilikuwa limefungwa barabarani mbele ya mlango wa bluu, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa ziko motoni. Barabara ya kambi ikafungwa, na hakuna dereva aliyeuliza kwa nini. Mjini kwetu watu watagombana na polisi, watagombana na mchungaji, lakini gari likikuta kilio linazima honi na kutafuta njia nyingine. Na kutoka turubai lile mpaka mstari wa kiwanja chetu, mtu akikohoa upande huu, upande ule wanasikia.

Nilikwenda kwa mkurugenzi kuomba fainali isogezwe.

"Tarehe ni tarehe," akasema. "Kipushi bamekwisha kukodi basi. Musipocheza, mumeshindwa." Alisema bila ubaya, akitazama dirishani. Alikuwa anatazama kiwanja.

Basi nikaenda kwenye kilio. Binti mkubwa wa marehemu, shangazi wa kapteni, alikuwa amefika na treni kutoka kaskazini, ambako ukoo wao ulitoka zamani kuja kujenga reli. Mwanamke mfupi, mpana, amefunga kitambaa cheusi kichwani, anakata vitunguu na kutoa amri kwa wanaume kwa wakati mmoja. Kapteni alikuwa amekaa mkekani karibu naye, uso umevimba. Niliketi.

"Weye njo ule mama wa kurukisha batoto?" shangazi akaniuliza.

"Njo miye, shangazi. Pole sana."

"Asante. Najua kenye kimekuleta. Jibu ni hapana. Mutoto huyu haimbi, hachezi, mpaka tuondoe kilio. Wimbo ya kuchekesha bantu haitaingia mu masikio ya mama yangu."

"Ni haki yako. Siwezi kubishana."

"Usibishane."

Akaendelea kukata. Kisha kapteni, bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, kambo alikuwa anakaa pale ukutani kila siku. Banataka kuweka magari pale."

Kisu kikasimama. "Magari? Pale?"

"Tukishindwa."

Shangazi aligeuka akatazama kiwanja. Yeye pia alikuwa mtoto wa kambi hii. Aliruka pale kabla yangu. Akanigeukia mimi, kwa hasira, kana kwamba nilimficha.

"Kuimba, hapana," akasema. "Hiyo nimesema na sirudii."

"Na makofi?" nikauliza.

"Makofi tunapiga hata mu kanisa."

"Na miguu?"

Alifuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko. "Miguu iko na kazi yake. Tuzike kwanza. Tukiisha kuzika, ataruka. Lakini nikisikia hata nusu ya wimbo, nakuja kumutoa pale mbele ya bantu bote, na weye pamoja naye."

Siku zilizobaki tulifanya mazoezi kimya, bila kapteni. Ndipo tukajua wimbo ulikuwa unatufanyia nini. Ulikuwa unatupa mguu badala yetu. Ulipoondoka, wasichana walianguka mmoja mbele mwingine nyuma kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Wawili walilia. Nikawaambia wasikilize makofi tu, na pumzi ya aliye mbele yao, na udongo. Udongo ule unasema ukiupiga: una mlio mmoja mtu akitua na mlio mwingine akijiandaa. Polepole masikio yakafunguka. Na kila nilipotazama upande wa kilio nilimwona kapteni mkekani kati ya wanawake, amejifunika kitenge, na chini ya kitenge vidole vyake vinapiga magotini pamoja nasi.

Siku ya fainali tulilisikia basi la Kipushi kabla ya kuliona. Walikuwa wanaimba, madirisha wazi, wimbo mzuri wenye matusi matamu juu yetu. Basi likakunja kona ya kambi, likaona turubai, na wimbo ukakatika kama redio iliyochomolewa. Walishuka kimya. Hawakwenda kiwanjani. Walikwenda kwanza kwenye mikeka, wote, wamevaa jezi zao nyekundu, wakainama kumpa mkono kila mwanamke aliyefiwa, ndipo wakaja kujinyoosha.

Mchezo ukaanza. Kapteni wetu alitoka na kitambaa cheusi kimefungwa mkononi. Sisi tulipiga makofi tu. Zamu yao ilipofika, wasichana wa Kipushi walifungua midomo, wakamtazama msichana yule aliyezika juzi, wakatazama turubai, wakafunga midomo. Nani ataimba bukari yako imeungua mbele ya mtu mwenye kilio? Wakapiga makofi kama sisi. Lakini wao hawakuwa wamejifunza giza lile. Miguu yao ilitoka mapema, ilitoka kwa kuchelewa, na nyonga zao tulizisoma kama mabango ya dukani. Pointi zikaja kwetu moja baada ya nyingine.

Wakati wa mapumziko mama aliyewafundisha alinifuata, mwanamke wa rika langu, jasho linamtoka kana kwamba yeye ndiye aliyeruka.

"Yaya," akaniita, dada kwa lugha yetu, "mumetufunga midomo kwa makusudi!"

"Nani amekukataza?" nikamwambia. "Kilio iko pale. Mudomo ni yako. Imba."

Alitazama pale, akanitazama, akasonya. Sikuona haya, na leo sioni. Hatukumwita mauti atusaidie. Sisi ndio tuliotaka siku nyingine, tukanyimwa.

Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kivulini pamoja na walimu wawili. "Nani anaongoza?" akaniuliza.

"Siye."

"Ah," akasema.

Kipindi cha pili kapteni wa Kipushi, msichana mdogo mwenye macho ya werevu, alikusanya wenzake wakanong'ona. Kisha akatoka mstarini, na badala ya kupiga makofi akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kanisani. Ule wanaouimba kwetu jeneza linapotoka mlangoni. Alianza polepole, kwa heshima yote, na wenzake wakamwitikia, na makofi yakashuka mpaka yakawa mwendo wa watu wanaotembea nyuma ya marehemu. Na juu ya mwendo ule wakaruka. Hakuna aliyeweza kusema wamekosea. Wimbo wa msiba haukatazwi kwenye msiba.

Nilitazama upande wa turubai nikingoja shangazi aje na hasira zake. Alikuwa amesimama, ndiyo, kijiko kikubwa mkononi. Lakini huwezi kuacha wimbo wa mama yako ukae hewani bila jibu. Akaitikia. Sauti yake ilivuka barabara, nene, ileile ya kapteni wetu, ndipo nikajua msichana aliirithi wapi. Wanawake wa mikekani wakaingia. Wasichana wangu walinitazama, nami nikainamisha kichwa: imbeni. Basi kiwanja chote kikaimba, wao na sisi, na tofauti ya pointi ikaanza kupungua, kwa sababu sasa Kipushi walikuwa na saa yao na sisi tulikuwa na machozi.

Tulifika mwisho tukiwa sawa. Zamu ya mwisho walitoka makapteni wawili. Wetu alikuwa anaimba mdomo wazi, mara yake ya kwanza tangu kambo aanguke jikoni, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Waliruka. Nyonga yake niliiona toka mbali, kila mtu aliiona, haikuficha kitu. Miguu ikapishana. Miguu ya kupishana ilikuwa ya Kipushi.

Hawakushangilia. Yule mdogo alimkumbatia kapteni wetu, na wimbo ukaendelea mpaka ubeti wa mwisho, kwa sababu wimbo ule haukatwi katikati. Shangazi alikuja mpaka kwenye mstari, akamshika mpwa wake kidevu kwa mkono unaonuka vitunguu.

"Umemusindikiza kambo muzuri," akasema. Ndipo akanigeukia. "Sasa kiwanja?"

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kusimama, anapangusa suruali isiyo na vumbi. "Mama," aliniambia, "tulisema."

"Ulisema weye," nikamjibu. "Siye tulisikia tu."

Jumatatu asubuhi alikuja mtu na ndoo ya chokaa. Alipiga mistari mizuri, iliyonyooka, vyumba vya magari kutoka ukuta hadi ukuta. Nilisimama na mfuko wangu begani, nikitazama. Gari la Sakania lilikuwa linaondoka saa ileile na nilikuwa nimekwisha kuagana na watu. Chokaa ilikuwa bado mbichi nilipowaona wanaume wanne wa kambi wanakuja na nguzo, nyuma yao wavulana na viti vya plastiki, nyuma yao wanawake na mikeka, na nyuma ya wote shangazi.

"Mama, munaenda wapi?" mtu wa chokaa akauliza.

"Kule barabarani vumbi inatusumbua," shangazi akasema. "Kilio inahamia hapa."

Turubai likafungwa katikati ya vyumba vya magari. Mtu wa chokaa alivua kofia, akampa pole, akachukua ndoo yake akaondoka. Gari la Sakania nalo likaondoka, bila mimi.

Walimu walikuja na magari yao. Waliona turubai, wakazima honi, wakarudi nyuma wenyewe, mmoja mmoja. Mkurugenzi alikuja na gari jeupe, akakaa ndani kidogo injini ikinguruma. Sote tulimtazama. Injini ikazimwa. Alishuka, akapita juu ya mistari yake mwenyewe, akainama kumpa mkono kila mwanamke mkekani.

"Pole sana, mama," akamwambia shangazi.

"Asante, baba. Kaa." Akamsogezea kiti. "Bukari iko karibu. Utakula na siye."

"Na hii kilio... itaondoka siku gani?"

"Siku mwili wangu utasema," shangazi akasema, akarudi kwenye sufuria.

Ilikaa wiki nyingi kuliko kilio chochote nilichokiona kambini, na mimi niliona vingi. Siku ya kuondoa, baada ya misa, watu wakiwa wamenyolewa na wameoga na bia zimefika, shangazi alifungua kitambaa cheusi cha mpwa wake kwa mikono yake, akamwambia, "Imba sasa." Kapteni alisafisha koo. Akatoa wimbo wa walimu wanaotembea kwa miguu, mpya, mrefu, na wasichana wakapanga mistari miwili wakitazamana kabla turubai halijamaliza kushuka. Mkurugenzi alikuwepo, kwenye kiti kilekile. Aliombwa apige makofi akapiga, vibaya, kama mtu anayefukuza kuku.

Msimu mwingine umeanza. Uamuzi wa parkingi haujafutwa, wala hakuna gari lililolala pale. Mvua ikinyesha chokaa inafifia, na wasichana wanakwenda wenyewe kuchanganya nyingine kwenye ndoo na kuipaka upya, maana hatujawahi kuwa na mistari iliyonyooka hivyo. Chumba kimoja cha gari kinawatosha wasichana wawili, uso kwa uso, na nafasi ya kutua inabaki. Juzi mwalimu mmoja mgeni alikuja akasimamisha gari kwenye mstari, akapiga honi tumpishe. Kapteni aliisikiliza, akainamisha kichwa, akaupata mwendo wake.

"Piga tena, baba," akamwambia. "Muzuri. Usiache."

Nao wakaruka.